Dakika Hamsini Kando ya Mkwe

Ukiuliza simu umbali kutoka uwanja wa ndege wa Kisumu hadi ule wa Nairobi, inakujibu bila hata kukohoa: kilomita mia mbili na themanini hivi angani, safari ya dakika hamsini. Kwa kilomita mimi sibishani nayo, sijawahi kuzipima. Lakini hizo dakika hamsini nazijua moja moja, kwa sababu nilizikaa bega kwa bega na mume wa binti yangu, na mtu yeyote wa kwetu Kakamega anayesoma haya sasa hivi ameshajishika kichwa.

Kwa wasio wa kwetu, acha nieleze. Kwetu mama na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Hawaongei uso kwa uso. Mama halali katika nyumba ya mkwe wake hata mvua inyeshe mawe. Wakikutana njiani mmoja anaiacha njia, na mara nyingi ni mkwe anayejitosa kwenye mahindi ya watu mpaka mama apite. Si chuki, jamani, msinielewe vibaya. Ni heshima, na mimi nimelelewa nayo. Mama yangu mzazi aliingia kaburini bila kuwahi kumtazama mume wangu machoni, na walipendana sana, kila mtu akiwa upande wake wa ua.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina kibanda changu mjini Kakamega, nashona sare za shule, na mdomo wangu unajulikana soko zima. Mteja akichelewa kuchukua nguo namwambia. Akileta kitambaa cha ovyo namwambia. Lakini mume wa binti yangu alipokuwa akija nyumbani kwetu Iguhu, mdomo huo wote uliishia jikoni. Miaka minne wakiwa wameoana, na ungeniuliza sura yake ningekuambia tu kwamba ni mrefu na anavaa viatu vilivyopigwa rangi vizuri. Viatu ndivyo nilivyokuwa naona.

Lakini sisi nasi si wajinga. Simu tulizo nazo zimetupa njia. Simu haina macho, na hakuna mkubwa yeyote wa ukoo aliyewahi kukaa kikao akaikataza. Kwa hiyo kwa simu mimi na mkwe wangu tuliongea vizuri kabisa. Akija nyumbani, yeye anakaa sebuleni na mume wangu, mimi niko jikoni na moshi wangu, kisha simu inalia kwenye mfuko wa aproni.

"Mama, asante. Ingokho imeiva."

"Asante, baba. Kuku bado yupo, na ugali ongeza, umeacha mwingi."

"Nimeshiba, mama."

"Hujashiba. Ongeza."

Na mlango kati yetu uko wazi, na sauti yake naisikia mara mbili, moja sikioni na nyingine kutoka sebuleni. Mume wangu huwa anatikisa kichwa. "Nyinyi mnanenepesha kampuni za simu bure," anasema. Mimi humwambia ale anyamaze.

Sasa ilikuwa Jumapili, msimu wa mvua. Nilikuwa nimeshavaa vizuri niende kanisani, nafunga kitambaa kichwani, simu ikalia. Ni mkwe wangu. Alikuwa kwao Butere tangu Ijumaa, amekuja kumwona babake aliyekuwa anaumwa mguu. Binti yangu alikuwa amebaki Nairobi, na mimba ya miezi minane, ya kwanza.

"Mama," akasema, sauti ikakatika.

Mtu akikuita mama hivyo, habari haiwezi kuwa nzuri. Nikakaa kitandani.

"Sema."

"Anatoka damu. Jirani amemkimbiza hospitali. Nimeongea na daktari. Mtoto bado anapiga moyo, na yeye anaongea, lakini kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango wa kizazi. Lazima wampasue leo."

"Basi si wampasue! Wanangoja nini?"

"Damu, mama. Wana mfuko mmoja tu wa kundi lake. Wanasema hawawezi kumkata na mfuko mmoja. Wanatafuta. Amewaambia kwamba wewe unayo."

Ni kweli. Mimi nina damu ya yale makundi yasiyopatikana ovyo. Niliambiwa kliniki nikiwa na mimba ya binti huyohuyo, na alipozaliwa wakamkuta nayo vilevile. Watoto wangu wengine wote walichukua ya baba yao. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila kitu, akaanza kukunja mkono wa shati kana kwamba atatolewa damu palepale. Nikamwambia, "Shusha shati, mzee. Yako haifai." Sikukusudia kuwa mkali. Nilikuwa naogopa.

Basi la kutoka Kakamega lingenifikisha Nairobi jioni, na hapo ni kama barabara haina ajali na hakuna lori lililolala Salgaa. Uwanja wetu wa Kakamega siku hiyo haukuwa na ndege. Mkwe wangu akasema kuna moja Kisumu kabla ya adhuhuri, dakika hamsini angani, na ameshalipia tiketi mbili kwa simu. Kuna teksi anaituma inichukue mlangoni.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi nakuja na boda, mama."

"Boda kutoka Butere mpaka uwanja wa ndege?"

"Si mbali."

Ni mbali. Lakini angefanya nini? Aingie kwenye teksi moja na mama mkwe, mwendo wote ule, magoti yamekaribiana? Sikumpinga. Nakuambia ukweli, wakati huo nilimwona ni kijana mwenye adabu, na sikuona kichekesho chochote.

Nilipanda teksi nikiwa na mkoba, leso moja, na sweta ya binti yangu ya rangi ya waridi aliyoiacha Krismasi. Sijui kwa nini niliibeba. Mtu akiwa na hofu anabeba vitu. Tulipofika Chavakali mvua ilishuka, ile ya asubuhi isiyo na adabu, na dereva akapunguza mwendo. Nikampigia mkwe.

"Uko wapi?"

"Nyuma kidogo, mama!" Upepo na mvua vinamla sauti.

"Unalowa?"

"Kidogo!"

Alipofika uwanjani nilimwona kwa mbali. Kidogo gani! Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye suruali, na vile viatu vyake vizuri vilikuwa vimejaa matope. Akasimama nyuma ya nguzo moja, mimi nikasimama nyuma ya nyingine, tukapigiana simu.

"Mama, panga foleni pale mbele. Nionyeshe kitambulisho chako. Samahani, waonyeshe kitambulisho."

"Nimeona. Daktari anasemaje?"

"Bado wanangoja. Damu imepungua kutoka."

"Imepungua au imekwisha mwilini?"

"Mama, usiseme hivyo."

Askari mmoja alikuwa anatutazama, huyu kisha yule, huyu kisha yule. Nadhani alifikiri sisi ni wezi.

Nikafika kaunta. Msichana wa hapo alikuwa mchangamfu, kucha zimepakwa vizuri, moyo wake safi kabisa. Akaangalia mashine yake akatabasamu. "Mna bahati, mama. Ndege imejaa, zilibaki mbili tu nyuma. Nimewaweka pamoja na kijana wako."

Pamoja.

"Pamoja vipi?" nikauliza.

"Viti vya kando kwa kando. Wewe dirishani, yeye hapa karibu nawe. Mtaongea njiani."

Khai! Nilihisi shingo inapata moto. "Huyo si kijana wangu," nikamwambia. "Ni mkwe wangu."

"Aa, ni vizuri," akasema.

Ni vizuri! Si mtu wa kwetu, nisimlaumu. Nikamwambia atutenganishe. Akaangalia tena, akasema hakuna kiti kingine hata cha kuazima. Nikauliza ndege inayofuata. Ya jioni, na hiyo nayo imejaa. Foleni nyuma yangu ilianza kukohoa na kusogeza masanduku.

Simu yangu ikalia. Ni yeye, kutoka kwenye nguzo. Alikuwa ameelewa, sijui kwa kusoma mgongo wangu.

"Mama, wewe nenda. Damu unayo wewe. Mimi nitatafuta basi, nitafika usiku."

Nikaitikia sawa. Nikaikata simu. Msichana akaninyooshea ile karatasi ya kuingilia ndege, moja, na mimi nikabaki nimeishika. Nilimfikiria binti yangu amelala kwenye kitanda cha magurudumu, anatazama mlango. Mimi nikiingia atafurahi, ndiyo, ni mama yake. Lakini nilijua mwenyewe, nikiwa nimezaa mara tano, saa ile mwanamke anamtafuta nani kwa macho. Na mimi nimwachie mume wake Kisumu kwa sababu ya kiti? Nikimpoteza mtoto leo, nimwambie Mungu nini, kwamba niliona haya? Maji yalikuwa yamenifika shingoni na mimi bado nashika sketi isilowe.

"Mwambie yule mtu pale kwenye nguzo," nikamwambia msichana, kwa sauti iliyowafanya watu wageuke, "mwambie apande. Na afanye haraka."

Akamwita.

Ndani ya ndege nilijaribu bado. Sitadanganya kwamba nilikuwa nimekubali. Nilisimama pale nyuma nikaanza kuomba watu tubadilishane viti. Upande wa pili wa kijia kulikuwa na mama, mume wake, na mtoto mchanga wa kunyonyesha; hao huwezi kuwatenganisha. Mbele yetu, kijana wa vipokea sauti masikioni akatoa kimoja, akaniuliza, "Lakini mathe, si ni kijana yako?"

"Ni mkwe wangu."

"Si ni mamoja tu?"

"Si mamoja!"

Mkwe wangu alikuwa amesimama nyuma yangu ameinamisha kichwa, maji yanadondoka kwenye zulia la watu. Hapo ndipo mzee mmoja aliyekaa mistari mingi mbele akageuka. Alisikia neno mkwe, akanitazama mimi, akamtazama yule mrefu aliyelowa, akaelewa yote kwa mara moja. "Woi, woi, woi," akasema. Akafungua mkanda, akaanza kuinuka kunipa kiti chake. Mtu wa kwetu kabisa, Mungu ambariki alipo. Lakini ndege ilikuwa imeshaanza kutembea, na mhudumu akaja mbio, amenyoosha mikono yote miwili, akasema kila mtu akae, akae sasa hivi, la sivyo rubani atasimamisha ndege. Mzee akakaa. Akanitazama kwa huruma kama mtu anayeangalia jeneza likipita.

Nikakaa dirishani. Mkwe akakaa.

Nilijibana dirishani mpaka nikahisi baridi ya kioo kwenye shavu. Nikajitandia leso kichwani, upande wa kwake. Yeye naye alikuwa amejipinda kuelekea kijiani, mwili wote huo mrefu umekunjwa, hivi kwamba mhudumu kila akipita alimgonga bega. Kati ya kiwiko chake na changu kulikuwa na ule mkono mmoja wa kiti, mwembamba, na hakuna kati yetu aliyeugusa. Kisha mhudumu akatangaza tuzime simu.

Mimi sikuwa nimelifikiria hilo. Nilizima yangu nikasikia na yake ikilia ule mlio wa kufa. Sasa hatukuwa na simu, hatukuwa na jiko wala nguzo wala mahindi ya watu. Ndege ikakimbia, ikainuka, ziwa likatokea chini yetu lote, na mimi niliyekuwa sijawahi kupanda ndege maishani sikuogopa hata kidogo. Hofu yangu yote ilikuwa imeshatumika kwingine.

Nikaanza kusikia meno yake. Alikuwa anatetemeka. Nguo zimeshikana na mwili, na ile hewa ya baridi inamshukia kichwani. Nikavumilia, nikavumilia, nikashindwa. Mhudumu alipopita nikamwita.

"Dada, mwambie huyu mtu hapa avae hii." Nikampa ile sweta ya binti yangu. Nguo yangu asingeivaa, lakini ya mke wake haina shida.

Mhudumu akamtazama. Mkwe alikuwa hapohapo, hata hatua moja haikuwepo kati yetu. "Bwana, mama anasema uvae hii."

"Mwambie mama asante."

"Mama, anasema asante."

"Mwambie asiniletee homa ndani ya hospitali ya watu."

"Anasema..." Mhudumu akaanza kuuma midomo. "Anasema usipate homa."

Jitu zima likajitupia sweta ya waridi mabegani. Kijana wa vipokea sauti alikuwa amegeuka anatutazama kupitia kwenye upenyo wa viti. Nikamkazia jicho akarudi mbele. Mhudumu alibaki kidogo, akingoja kama kuna ujumbe mwingine, kisha akaitwa na mtu mwingine akaenda zake.

Nje kulikuwa na mawingu meupe, marefu, hayana mwisho. Nilikuwa naomba. Maneno yenyewe sikuyamaliza, nilikuwa naanza tu na kuanza.

Ndipo akasema. Hakugeuka kwangu. Alikitazama kile kiti kilichokuwa mbele yake, akakiambia kile kiti, polepole, kama mtu anayetoa ushahidi.

"Kuna jambo mama hajaambiwa."

Binti yangu! Nikajua amekufa. Nikajua amekufa tangu asubuhi na huyu amenibeba bure mpaka huku juu.

"Yu hai," akasema haraka, kwa kile kiti. "Yu hai, nimeongea naye kabla ya kupanda. Si hilo."

Nikashika kifua. Na mimi nikakigeukia kiti cha mbele yangu. Kilikuwa na mfuko na karatasi yenye picha za watu wakiruka majini. "Basi aseme," nikakiambia.

"Daktari alinipigia nikiwa kwenye boda. Alisema wakimpasua damu inaweza kukataa kusimama. Ikikataa, njia ni moja tu, kutoa kizazi. Akasema wamemuuliza mke wangu mwenyewe, akalia, akasema waniulize mimi. Alisema hawezi kunichagulia. Kwetu mimi ni mtoto wa kiume peke yangu, mama anajua. Baba hata jana, na mguu wake unauma, alikuwa ananihesabia majina ya wajukuu."

Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa najua tangu siku ya mahari, watu wa kwao walipokuwa wanakula na mimi nawasikiliza kutoka jikoni. Watoto wengi, walisema, tunataka boma lijae. Neno hilo lilinikaa tumboni miaka yote minne, hasa ile mitatu ambayo binti yangu hakushika mimba, na kila simu ilipolia nilidhani nitaambiwa amerudishwa.

"Nikamwambia boda asimame," akaendelea. "Nikasimama kwenye mvua. Nikamwambia daktari watoe. Ikifika hapo wasingoje kunipigia tena, watoe, wamwache yeye. Na kama ni kuchagua kati yake na mtoto, pia nimesema."

"Amesema nini?" nikauliza.

"Nimesema yeye."

Ndege ilitikisika kidogo, ikatulia.

"Sikumuuliza baba yangu. Sikumuuliza mtu yeyote. Baba nitamjibu mimi mwenyewe. Lakini ni binti wa mama, na sikutaka mama asikie kwa watu wengine, akafikiri nilimkata mtoto wake bila kufikiri." Akajipangusa uso kwa mkono wa ile sweta. "Basi. Ndilo hilo."

Ningekuwa na simu ningesema kitu. Kwa simu mimi ni hodari. Badala yake nilikaa nimeshika mkoba, na nikahisi kitu kinanitoka mabegani, kizito, kitu nilichokuwa nimekibeba bila kujua kwamba nimekibeba. Binti yangu alikuwa bado hatarini, damu yangu ilikuwa bado mwilini mwangu, lakini nilishusha pumzi mpaka kioo kikaingia ukungu. Miaka minne nilikuwa nimemkabidhi mtoto wangu kwa jozi ya viatu. Nilikuwa nimemheshimu mtu huyu sana, na sikumjua hata kidogo. Sasa nilimjua.

Nikakiambia kiti, "Aambiwe kwamba amefanya vyema."

Nikaongeza:

"Aambiwe pia kwamba baba yake akileta maneno, aniachie mimi. Mimi nitashuka Butere mwenyewe."

Nilisikia kitu kilichokuwa karibu kicheko, au kilio, sikugeuka kuangalia. Tulipoanza kushuka nikagundua kwamba kiwiko changu kimekuwa juu ya ule mkono wa kiti, sijui kwa muda gani, na hakuna mbingu iliyoanguka.

Nairobi tuliingia teksi moja, yeye mbele na dereva, mimi nyuma. Barabara ya Jumapili ilikuwa nyeupe, haina magari. Hospitalini walinilaza moja kwa moja, wakanifunga mkono, na nesi akaniambia nifungue na kufunga ngumi. Nilifunga na kufungua kama ninayekanda unga wa harusi. "Polepole, mama," akasema. Nikamwambia achukue yote anayotaka. Akasema wanachukua mfuko mmoja tu. Nikamwambia basi aujaze sana. Wakaipima, wakaikimbiza, na kupitia mlango uliokuwa unafunguka na kujifunga nikauona mguu wa binti yangu ukisukumwa kwenda, soksi moja imevuka. Mume wake alikuwa anakimbia kando ya kile kitanda mpaka walipomzuia.

Tukakaa kwenye benchi la ukutani, yeye mwisho ule, mimi mwisho huu. Katikati tuliacha nafasi ya watu watatu, na watu watatu wakaja wakaikalia. Nilipewa soda na biskuti. Nikaviweka mkobani. Nilikuwa nikimwona yule kijana kwa pembe ya jicho, sweta ya waridi mabegani, anatikisa goti.

Daktari alitoka jua likiwa bado dirishani. Mwanamke mfupi, kofia ya kijani, alama za barakoa kwenye mashavu. Akauliza ni nani wa mgonjwa, tukasimama wote wawili.

"Wako salama," akasema. "Mama na mtoto. Ni msichana. Damu ilitusumbua, tulitumia ule mfuko wetu na ule wa bibi yake mtoto, kisha ikasimama. Kizazi hatukukigusa."

Nilisema, "Asante Yesu," nikasema tena, nikaendelea kusema. Mkwe wangu aliegemea ukuta. Alishuka taratibu ukutani mpaka chini, akakaa sakafuni kati ya viatu vya watu, akaweka uso kwenye magoti, akalia kwa sauti, kilio cha mwanamume ambaye hajui kulia. Watu wakamtazama. Hakuna aliyemshika, kwa sababu kila mtu alidhani ni wangu, na walikuwa wananingoja mimi.

Nikamwendea. Nikasimama mbele yake. "Inuka," nikasema.

Akainua kichwa, akashtuka, akaangalia nyuma kama kuna mtu mwingine ninayemwambia. Hakukuwa na mtu. Nikamtazama usoni kabisa. Ana kovu dogo kwenye nyusi, na macho ya mtu ambaye hajalala. Ni kijana tu. Hata ndevu zake hazijakomaa vizuri.

"Mama?"

"Nimesema inuka, uende umwone mke wako. Anakungoja wewe. Mimi nitakuja nyuma."

Akainuka, akaenda mbio, akarudi kwa sababu amekosea mlango, akaenda tena.

Mimi nilipoingia, binti yangu alikuwa amelala chali, midomo imekauka, dripu mkononi. Mtoto alikuwa kwenye kisanduku cha joto chumba kingine, kila kitu chake kizima. Nikamshika binti mguu kwanza, ule ulioachwa na soksi. Ulikuwa na joto.

"Mama," akasema kwa sauti ya usingizi. "Ulikuja na nini haraka hivyo?"

"Na ndege."

"Na yeye?"

"Ndege hiyohiyo."

Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akafungua jicho moja.

"Mlikaa wapi?"

Nilitaka kumdanganya. Nikaona ni dhambi, siku kama hiyo. "Pamoja," nikamwambia. "Kiti kwa kiti."

Tumbo lake lenye nyuzi likaanza kutikisika. Akakaza mdomo, akashindwa, akacheka, akalia "Woi, naumia," akacheka tena, machozi yakimtiririka mpaka masikioni. Nesi akachungulia akasema mgonjwa asichekeshwe, atafungua kidonda. Nikamwambia nesi nimesikia. Kisha akatoka, na mimi nikavuta kiti karibu, nikaanza kumsimulia yote tangu mwanzo.